Partisipio za Kilatini: Historia ya Umbo na Maana

Partisipio ni neno linalozaliwa na kitenzi lakini likafanya kazi ya kivumishi au ya jina. Katika Kilatini neno hili hubeba mizigo miwili kwa pamoja. Kutoka upande wa kitenzi huchukua wakati na kauli. Kutoka upande wa jina huchukua jinsia, idadi na uhusika, yaani kazi ya jina katika sentensi. Kitenzi legere, "kusoma", hutoa partisipio nne: legens, "anayesoma", lectus, "aliyesomwa" au "kilichosomwa", lecturus, "atakayesoma" au "aliye karibu kusoma", na legendus, "cha kusomwa" au "kinachopaswa kusomwa". Kiswahili hupata maana hizo kwa kirejeshi. Katika "kilichosomwa" mna wakati, kauli ya kutendwa na upatanisho wa ngeli, vyote ndani ya neno moja. Kilatini hupanga mambo hayohayo upande wa mwisho wa neno, baada ya shina.

Orodha hiyo ya partisipio nne ina mapengo mawili makubwa. Hakuna partisipio ya kawaida ya kutenda kwa wakati uliopita, yaani neno moja lenye maana ya "aliyesoma". Hakuna pia ya kutendwa kwa wakati uliopo, yenye maana ya "kinachosomwa". Kigiriki kinazo zote mbili, pamoja na nyingine nyingi. Historia ya partisipio za Kilatini kwa sehemu kubwa ni historia ya mapengo hayo: jinsi yalivyotokea, jinsi Waroma walivyoyaziba, na jinsi njia walizotumia kuyaziba zilivyokuja kuwa sarufi ya lugha nyingine.

Urithi wa kale

Mwaka 1816 Franz Bopp alichapisha mjini Frankfurt kitabu kilicholinganisha vitenzi vya Kisanskriti na vile vya Kigiriki, Kilatini, Kiajemi na lugha za jamii ya Kijerumani. Ulinganishi wa namna hiyo ulidhihirisha kwamba partisipio za Kilatini ni za kale kuliko Roma yenyewe. Shina la "anayebeba" ni bharant- katika Kisanskriti, pheront- katika Kigiriki, bairand- katika Kigothi na ferent- katika Kilatini. Sauti -nt- iliyomo katika yote (-nd- katika Kigothi) ni urithi kutoka kwa lugha mama, iliyozungumzwa maelfu ya miaka iliyopita na kuzaa lugha nyingi za Ulaya, Iran na India kaskazini.

Umbo la pili lililorithiwa ni lile lenye -to-. Kisanskriti kina śruta-, "iliyosikiwa", Kigiriki kina klytos na Kilatini kina inclutus, yote mawili yakiwa na maana ya mtu ambaye sifa zake zimesikika. Hapo mwanzo umbo hili halikufungwa kwenye kauli ya kutendwa. Lilieleza tu hali inayotokana na tendo. Ndiyo maana Kilatini kilibaki na maneno kama potus, "aliyekunywa", cenatus, "aliyekwisha kula chakula cha jioni", na iuratus, "aliyeapa". Maneno hayo yana umbo sawa na lectus lakini maana yake ni ya kutenda.

Aina nyingine mbili za urithi zilipotea. Lugha mama ilikuwa na partisipio ya kutenda ya tendo lililokamilika, ambayo Kigiriki na Kisanskriti viliihifadhi na Kilatini kikaiacha. Ilikuwa pia na partisipio yenye -meno-, ambayo katika Kigiriki inatumika kwa maelfu ya vitenzi. Katika Kilatini ilibaki ndani ya majina machache yaliyoganda, kama alumnus, "anayelelewa", na femina, "mwanamke", kutoka mzizi wenye maana ya kunyonyesha. Mapengo ya Kilatini yalitokana na upotevu huo.

Kilatini nacho kilibuni. Partisipio ya wakati ujao, lecturus, haina ndugu wa wazi katika Kigiriki wala Kisanskriti. Umbo la nne, legendus, ambalo wanasarufi huliita jerundivu, lilikuwepo pia katika lugha jirani za Italia. Katika maandishi ya Kioski yaliyopatikana Pompeii mna neno upsannam, "cha kujengwa", ambamo sauti nd imekuwa nn.

Maandishi ya kwanza

Ushahidi wa mapema umo katika mawe na shaba. Jeneza la jiwe la Lucius Cornelius Scipio Barbatus, aliyekuwa konsuli mwaka 298 KK, sasa limo katika Makumbusho ya Vatikani. Maandishi yake yanamtaja kuwa prognatus, "aliyezaliwa", na jina la baba yake limewekwa katika ablativu, uhusika unaoonyesha mahali kitu kinapotoka. Partisipio hapa inafanya kazi zake zote mbili: inakubaliana na jina la Scipio kama kivumishi, na inatawala neno lingine kama kitenzi.

Bamba la shaba lenye uamuzi wa Seneti wa mwaka 186 KK, uliozuia ibada za mungu Bacchus, lilipatikana mwaka 1640 huko Tiriolo, kusini mwa Italia, na sasa limo Vienna. Ndani yake mna neno datai, "zilizotolewa", likieleza barua zitakazofikishwa kwa wahusika. Karne iliyofuata neno hilo lingeandikwa datae. Mna pia exdeicendum, jerundivu yenye maana ya "kinachopaswa kutangazwa", ambayo baadaye iliandikwa edicendum. Bamba hilo linaonyesha miisho ikiwa bado katika sura yake ya kale, wakati matumizi yalikwisha kukomaa: serikali ilikuwa ikitoa amri zake kwa partisipio.

Partisipio ya wakati ujao ilichelewa kutulia. Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2 BK, alikusanya mifano kutoka kwa waandishi wa zamani ambamo umbo kama dicturum, "kwamba watasema", lilitumika bila kubadilika hata pale mtendaji alipokuwa katika wingi. Mmojawapo wa mifano yake unatoka kwa Gaius Gracchus, aliyeuawa mwaka 121 KK. Kwa hiyo mpaka wakati huo umbo hili lilikuwa bado halijaingia kikamilifu katika mfumo wa upatanisho.

Miisho na sababu zake

Kwa miisho yake, partisipio za Kilatini hugawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza lina lectus, lecturus na legendus. Zote tatu hubadilika kama kivumishi bonus, "-ema": mwisho wa -us kwa jinsia ya kiume, -a kwa ya kike, na -um kwa ile isiyo ya kiume wala ya kike. Katika umoja wa kiume, nominativu (uhusika wa kiima) ni lectus, genitivu (wa umilikaji) lecti, dativu (wa mpokeaji) lecto, akusativu (wa yambwa) lectum na ablativu lecto. Katika wingi ni lecti, lectorum, lectis, lectos, lectis. Umbo la kike huanza na lecta na kuendelea lectae, lectae, lectam, lecta. Wingi wake ni lectae, lectarum, lectis, lectas, lectis. Jinsia ya tatu ina lectum katika nominativu na akusativu, na lecta katika wingi wa uhusika huohuo, lakini kwingineko hufuata ya kiume.

Upatanisho huu ni wa jinsia, idadi na uhusika, si wa sauti. Barua, epistula, ni jina la kike, na "barua iliyosomwa" ni epistula lecta, maneno mawili yenye mwisho mmoja. Lakini carmen, "shairi", hufuata kundi lingine la majina, na wingi wa genitivu, "ya mashairi yaliyosomwa", ni carminum lectorum. Miisho inatofautiana kwa sauti lakini inakubaliana kwa kazi. Mwanafunzi wa Kilatini anapofahamu jambo hili huwa amepita kizingiti kikubwa, kwa sababu mshairi wa Kiroma aliweza kuitenga partisipio mbali na jina lake, hata kwa mstari mzima, akijua kwamba mwisho wa neno utamrudisha msomaji mahali pake.

Shina la lectus nalo lina historia yake. Mzizi leg- ulipokutana na -to-, sauti g ilififia ikawa k, ambayo huandikwa c. Pale ambapo mzizi ulimalizika kwa t au d, sauti mbili za menoni ziligongana na kutoa ss, au s moja baada ya irabu ndefu: mittere, "kutuma", ikatoa missus; videre, "kuona", ikatoa visus; claudere, "kufunga", ikatoa clausus. Katika vitenzi fulani irabu ilirefuka pia. Agere, "kutenda", ina a fupi, lakini actus ina a ndefu. Facere, "kufanya", ina a fupi, na factus imebaki na a fupi. Gellius alikwisha kuligusia jambo hili. Mwaka 1850 Karl Lachmann, katika maelezo yake juu ya mshairi Lucretius, aliliwekea kanuni: irabu hurefuka ikiwa mzizi ulimalizika kwa sauti ghuna kama g au d. Kanuni hiyo bado inaitwa kwa jina lake.

Kundi la pili lina legens peke yake pamoja na wenzake wa wakati uliopo: amans, monens, capiens, audiens. Katika nominativu ya umoja neno ni moja kwa jinsia zote tatu. Shina halisi hujitokeza katika genitivu: legentis. Kisha hufuata dativu legenti, akusativu legentem (au legens kwa jinsia ya tatu), na ablativu legente au legenti. Wingi ni legentes, legentium, legentibus, na jinsia ya tatu ina legentia. Kitenzi ire, "kwenda", kina umbo la pekee: iens, lakini genitivu yake ni euntis.

Nominativu legens ilitokana na shina legent- kuongezewa -s, na t ikamezwa. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, katika kitabu chake Orator, alieleza kwamba irabu iliyo mbele ya ns hutamkwa kwa urefu. Kwa sababu hiyo e ya legens ni ndefu na ile ya legentis ni fupi, ingawa maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo.

Kuwapo kwa ablativu mbili kunatokana na kuchanganyika kwa makundi mawili ya kale ya majina, moja lililomalizika kwa konsonanti na jingine lililokuwa na i. Waroma waliipa kila moja kazi yake. Mwisho wa -e ulitumika neno lilipokuwa partisipio halisi au jina, na mwisho wa -i lilipokuwa kivumishi. "Kutoka kwa mwenye hekima" ni a sapiente. "Kutoka kwa mtu mwenye hekima" ni a sapienti viro. Mwisho wa -ium katika genitivu ya wingi nao ni wa kundi la i, na washairi waliihifadhi -um, kama legentum, pale mizani ilipodai.

Maana: wakati, kauli, tabia na wajibu

Wakati wa partisipio hupimwa kwa kitenzi kikuu cha sentensi. Puer legens ridet ni "mvulana anacheka akisoma", na puer legens ridebit ni "mvulana atacheka akisoma". Legens haibadiliki, kwa sababu inachosema ni kwamba kusoma na kucheka vinakwenda pamoja. Kiambishi -ki- cha Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo. Lectus husema kwamba tendo limetangulia kitenzi kikuu, na lecturus husema kwamba tendo linafuata au linakusudiwa.

Legens inaweza kueleza tendo la muda huo au tabia ya kudumu, na Kilatini hutofautisha mambo hayo kwa uhusika wa neno linalofuata. Amans patriam, yenye akusativu, ni mtu anayeipenda nchi yake katika tukio linalosimuliwa. Amans patriae, yenye genitivu, ni mpenda nchi, mtu ambaye mapenzi hayo ni sehemu ya utu wake. Hapo partisipio imekwisha kuwa kivumishi kamili, hata ikaweza kuchukua umbo la ulinganisho: amantior, "mwenye kupenda zaidi".

Nyingine zilikwenda mbali zaidi zikawa majina. Oriens, "linalochomoza", na occidens, "linalotua", yakiwa sifa za jua, yakawa Mashariki na Magharibi. Serpens, "anayetambaa", akawa nyoka. Adulescens, "anayekua", akawa kijana, na adultus, "aliyekwisha kukua", akawa mtu mzima. Maneno ya dola na sheria yalitoka kwa wingi katika umbo la lectum: factum, "lililotendwa", edictum, "lililotangazwa", mandatum, "lililoagizwa". Kiswahili kina maneno ya namna hii yaliyotoka katika Kiarabu: katibu ni mwenye kuandika, mahabusu ni aliyefungwa, na marehemu ni aliyerehemiwa.

Jerundivu hubeba wajibu. Liber legendus est ni "kitabu kinapaswa kusomwa", na anayepaswa kukisoma huwekwa katika dativu. Umbo hili lilikuwa lugha ya sheria na siasa. Mwaka 149 KK sheria ya Calpurnius iliunda mahakama ya kudumu ya kuwashtaki magavana waliopora mali za raia wa majimbo, na kosa hilo liliitwa kwa jerundivu: repetundae, "fedha za kudaiwa zirudishwe", likiwa na u ya kale ambayo wanasheria waliishikilia. Katika miaka hiyohiyo seneta mzee Cato alikuwa akihimiza kwamba mji wa Carthago ubomolewe. Plutarkhos aliandika msimamo huo kwa Kigiriki, na mapokeo ya Kilatini yakaujumlisha kwa neno delenda, "wa kubomolewa". Mji huo ulibomolewa mwaka 146 KK, miaka 3 baada ya Cato kufariki.

Jinsi mapengo yalivyozibwa

Mwandishi wa Kigiriki aliweza kusema "akiwa ameuteka mji, jemadari aliondoka" kwa partisipio moja ya kutenda. Mroma hakuwa na neno hilo. Alikuwa na captus, "aliyetekwa", lenye kauli ya kutendwa. Kwa hiyo aligeuza mtazamo, akautoa mji katika sentensi kuu na kuuweka kando pamoja na partisipio yake, vyote viwili katika ablativu: urbe capta, "mji ukiwa umetekwa". Muundo huu huitwa ablativu iliyojitenga. Maneno mawili yakatosha kueleza wakati, sababu, sharti au hata kinyume cha matarajio, na msomaji akaachiwa kuipata maana kutokana na habari yenyewe. Julius Caesar aliutumia mara nyingi katika masimulizi ya vita vyake vya Galia, ambamo kambi huvunjwa, mateka hupokewa na mito huvukwa kabla kitenzi kikuu hakijafika.

Kizibo cha pili kilikuwa vitenzi ambavyo wanasarufi huviita deponenti, vyenye umbo la kutendwa na maana ya kutenda. Sequi ni "kufuata", na partisipio yake secutus ni "aliyefuata". Kwa vitenzi hivi Kilatini kilipata partisipio ya kutenda ya wakati uliopita, kwa kuwa umbo la -to- tangu kale halikufungwa kwenye kauli moja. Wanahistoria walizipenda sana partisipio kama hortatus, "aliyehimiza", na profectus, "aliyekwisha kuondoka", kwa sababu ziliwezesha masimulizi kwenda kwa kasi.

Pengo la tatu lilikuwa la kitenzi esse, "kuwa", ambacho hakikuwa na partisipio ya wakati uliopo. Kwa sababu hiyo Waroma waliutaja mwaka kwa majina mawili yaliyowekwa bega kwa bega katika ablativu: Cicerone consule, "Cicero akiwa konsuli", yaani mwaka 63 KK. Priscianus, mwanasarufi wa karne ya 6, anaeleza kwamba Caesar alipendekeza umbo ens, "kinachokuwa" au "kilichopo", kwa kufuata mfano wa potens kutoka posse, "kuweza". Pendekezo hilo halikushika wakati wake. Lilipata makao karne nyingi baadaye katika falsafa. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, aliandika kitabu kizima juu ya ens na essentia, yaani kilichopo na asili yake. Neno ambalo wasemaji wa Kilatini hawakulihitaji sokoni likawa msingi wa mjadala wa vyuo vikuu.

Wanasarufi wa Aleksandria, Roma na Constantinople

Utafiti wa partisipio ulianzia kwa Wagiriki. Wanafalsafa Wastoa waliihesabu partisipio kuwa sehemu ya kitenzi. Kitabu cha sarufi kinachojulikana kwa jina la Dionysius Thrax, mwanazuoni aliyesomea Aleksandria katika karne ya 2 KK, kiliipa nafasi yake miongoni mwa aina nane za maneno na kuiita metokhē, "ushiriki", kwa kuwa hushiriki jina na kitenzi. Waroma walilifuata wazo hilo wakaunda participium.

Marcus Terentius Varro, aliyeishi kati ya mwaka 116 na 27 KK, aliandika vitabu 25 juu ya lugha ya Kilatini, na vilivyobaki ni kuanzia cha 5 hadi cha 10. Ndani yake alipendekeza mgawanyo wenye mantiki nyepesi ya ajabu. Maneno yako ya aina nne: yenye uhusika, yenye wakati, yenye vyote viwili, na yasiyo na chochote kati ya hivyo. Aina ya tatu ni partisipio. Katika mpango huo partisipio haikuwa tena neno la pembeni lililokosa kabila. Ilikuwa moja ya nguzo nne za lugha.

Mapokeo ya shule, hata hivyo, yalifuata hesabu ya nane. Kilatini hakina kibainishi kama kile cha Kigiriki, na nafasi hiyo ikajazwa na kihisishi ili idadi isipungue. Aelius Donatus, aliyefundisha Roma katikati ya karne ya 4 BK, aliweka mfumo huu katika kitabu kidogo cha maswali na majibu, Ars Minor. Alifundisha kwamba partisipio ina mambo sita ya kuangaliwa: jinsia, uhusika, wakati, kauli, idadi na muundo. Alihesabu pia kila aina ya kitenzi ina partisipio ngapi: kitenzi cha kutenda kina mbili, cha kutendwa mbili, deponenti tatu, na vitenzi vichache vyenye kauli zote mbili vina nne. Mapengo ya Kilatini yakawa somo la darasani, la kukaririwa na watoto.

Mmoja wa wanafunzi wa Donatus alikuwa Hieronymus, anayejulikana kwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki kama Mtakatifu Yeronimo, aliyeanza mwaka 382 kuisahihisha tafsiri ya Kilatini ya Injili kwa agizo la Papa Damasus. Kigiriki cha Injili kimejaa partisipio, na mfasiri alizifuata kwa karibu. Maneno kama dicens, "akisema", na respondens, "akijibu", yakaenea katika masimulizi kwa wingi ambao Cicero asingeuzoea.

Kazi kubwa kuliko zote iliandikwa Constantinople mwanzoni mwa karne ya 6 na Priscianus, anayeitwa mtu wa Caesarea. Wanazuoni kwa kawaida huitambua Caesarea hiyo kuwa ile ya Mauretania, katika pwani ya Algeria ya leo. Sarufi yake ina vitabu 18, na cha 11 ni cha partisipio peke yake. Sarufi hiyo ilinakiliwa huko Constantinople mwaka 526 na 527 na karani aliyeitwa Theodorus, kisha ikaenea Ulaya yote katika mamia ya nakala za mkono.

Kuanzia hapo Kilatini kilifunzwa kama lugha ya vitabu. Mwaka 1199 Alexander wa Villa Dei alitunga Doctrinale, sarufi ya mashairi yenye mistari zaidi ya 2,600, ili wanafunzi waimbe miisho badala ya kuisoma tu. Johannes Gutenberg na wenzake walipoanza kuchapa vitabu huko Mainz katika miaka ya 1450, sarufi ya Donatus ilikuwa miongoni mwa kazi zao za mwanzo, kwa kuwa kila shule iliihitaji.

Kuanguka kwa miisho

Tukirudi karne ya 6, nje ya shule hali ilikuwa nyingine. Urefu wa irabu ulikuwa umekwisha kupotea katika usemi wa kawaida, na m ya mwishoni haikusikika. Lectum, lecto na lectu zikasikika karibu sawa. Gregorius, askofu wa Tours aliyefariki mwaka 594, alikiri kwamba huchanganya jinsia za maneno na kuweka ablativu mahali pa akusativu. Uhusika ulikuwa unakufa, na partisipio ilibaki kutegemea jinsia na idadi.

Partisipio tatu kati ya nne zilipoteza nafasi zake. Lecturus ilitoweka kabisa katika usemi, ikaacha majina kama adventura, "mambo yatakayokuja". Legendus ilibaki katika maneno yaliyoganda. Legens ilisukumwa pembeni na legendo, jina-tendo katika ablativu, na leo Kiitaliano husema leggendo na Kihispania leyendo kwa maana ya "akisoma".

Lectus ndiyo iliyostawi. Kilatini cha kale kiliweza kusema habeo epistulam lectam, "ninayo barua iliyokwisha kusomwa". Pole pole maana ya kumiliki ilififia na maana ya kukamilika ikabaki, hata msemo huo ukawa na maana ya "nimesoma barua". Kwa njia hiyo lile pengo la kale, ukosefu wa umbo la kutenda la tendo lililokamilika, lilizibwa upya. Kiitaliano ho letto, Kifaransa j'ai lu na Kihispania he leído vyote vimejengwa juu ya mpango huo.

Upatanisho wa miisho uliendelea kuleta mijadala. Katika karne ya 16 mshairi Clément Marot, akifuata mfano wa Kiitaliano, aliwafundisha Wafaransa kuipatanisha partisipio na yambwa inayoitangulia. Kanuni hiyo ingali inasumbua wanafunzi: Mfaransa huandika j'ai écrit les lettres, lakini les lettres que j'ai écrites. Kihispania kiliacha upatanisho huo na kubaki na umbo moja. Kuhusu partisipio ya wakati uliopo, ambayo katika Kifaransa ilikuwa imechanganyika na jina-tendo katika mwisho mmoja wa -ant, Akademia ya Ufaransa iliamua mwaka 1679 kwamba isibadilishwe tena kwa jinsia wala idadi. Safari iliyoanza na legens, legentis, legentem ikaishia kwenye umbo moja lisilogeuka, isipokuwa pale neno linapokuwa kivumishi.

Kilatini cha Kanisa na maneno yaliyovuka bahari

Katika Kanisa Katoliki partisipio zote nne ziliendelea kuandikwa na kusemwa. Mwaka 1622 Papa Gregori XV aliunda idara ya kusimamia umisionari, ambayo jina lake lilikuwa na jerundivu propaganda, yaani imani "ya kuenezwa". Kutokana na jina hilo neno propaganda liliingia katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, wakaja na liturujia ya Kilatini, na lugha hiyo ilitawala altare za Kikatoliki mpaka mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani wa 1962 hadi 1965. Jina la ibada yenyewe, Misa, linatokana na missa, lenye shina la missus, kutoka mittere, "kutuma" au "kuaga".

Njia hiyo ilileta pia majina ya ubatizo ambayo ni partisipio kamili: Donatus, "aliyetolewa", Renatus, "aliyezaliwa upya", Benedictus, "aliyebarikiwa", Vincent, kutoka vincens, "anayeshinda", na Innocent, kutoka innocens, "asiyedhuru". Kupitia Kiingereza yakaja maneno ya ofisi na vyuo: data ni "vilivyotolewa", wingi wa datum, ajenda ni agenda, "mambo ya kutendwa", ajenti ni agens, "anayetenda". Maneno hayo yamepoteza uhusika na kupata ngeli za Kiswahili. Maana zake, hata hivyo, zimebaki pale sarufi ya Kilatini ilipoziweka: data ni jambo lililokwisha kutolewa, ajenda ni jambo linalosubiri kutendwa, na ajenti ni mtu aliye katika kutenda.